Maralal Hadi Marsabit kwa Baiskeli

Ukitaka kumjua mwendesha baiskeli wa safari ndefu, mtazame asubuhi anapopakia mzigo. Barabarani kila mtu hutoka jasho na kuhema, na ni vigumu kumtenga fundi na asiye fundi mpaka jua limepanda. Wakati wa kupakia mambo yote yako wazi. Maralal ni mahali pazuri pa kutazamia, kwa sababu wanaoelekea Ziwa Turkana hulala hapo, na kutoka hapo kwenda mbele duka likikosa kitu, basi kitu hicho hutakiona tena mpaka Marsabit.

Kijana mmoja wa Nyahururu niliyemtazama nikiwa kibandani na chai yangu alianza na maji. Maji ndiyo mzigo mzito kuliko yote, kilo moja kwa kila lita, na ndiyo mzigo unaopungua haraka kadiri siku inavyokwenda. Kwa hiyo aliyaweka mahali ambapo kupungua kwake hakutaiyumbisha baiskeli: chini, kushoto na kulia sawasawa, karibu na ekseli ya mbele na ndani ya pembetatu ya fremu. Unga, mchele, jiko na zana vilikaa kwenye mifuko ya nyuma, kila kizito kikisukumwa hadi chini. Hema likalala juu ya keria. Kila mfuko wa kushoto aliuinua kwa mkono mmoja na mwenzake wa kulia kwa mkono mwingine, akahamisha pakiti ya chumvi, akainua tena. Halafu akafunga blada, ile mipira ya ndani ya matairi iliyochanwa vipande virefu, akazivuta mpaka zikaisha kuvutika. Akashika usukani kwa mkono mmoja na tandiko kwa mwingine, akaitikisa baiskeli kwa nguvu zake zote.

Kitu kikalia. Mlio mdogo tu, bati kugusa bati. Akafungua mfuko mzima, akapekua, akakuta kifuniko cha sufuria kinagonga jiko. Akakiviringishia kitambaa, akapanga upya, akafunga, akatikisa. Kimya. Ndipo alipokuja kuagiza chai.

Nilimheshimu kuanzia hapo. Kinacholia kidogo Maralal kitakuwa kimetoboka au kimekatika kabla ya South Horr, na mtu anayekubali kuchelewa robo saa kwa ajili ya kifuniko cha sufuria ni mtu ambaye hatakwama jangwani kwa ajili ya nati. Watu husifu miguu ya waendesha baiskeli. Miguu huja yenyewe baada ya wiki mbili za kupanda milima. Ninachokistaajabia mimi ni sikio, na ule uvumilivu wa kupunguza: kupunguza mzigo, kupunguza upepo, kupunguza mwendo, mpaka nchi ngumu ikubali kukupisha.

Njia yenyewe ni hii. Maralal iko juu, karibu mita 2,000, penye baridi na misitu ya mierezi. Ukiondoka unapita ukingo ambapo ardhi inakatika ghafla na Bonde la Ufa linafunguka chini yako, kisha unateremka kwenye nyanda za El Barta hadi Baragoi. Kutoka Baragoi unaelekea South Horr, kijiji kilichobanwa kati ya Mlima Nyiru na Ol Doinyo Mara, chenye miti mikubwa na vijito. Baada ya hapo miti inaisha. Mawe meusi ya volkano yanaanza, joto linapanda, na ziwa linatokea chini, mita 360 hivi juu ya usawa wa bahari, la kijani na lenye magadi. Loiyangalani ina chemchemi na mikoma. Ukilipa ziwa kisogo unaingia nchi ya Wagabra, North Horr, Kalacha na jangwa la Chalbi, halafu unapanda polepole hadi Marsabit, mji ulio juu ya mlima wenye msitu na ukungu. Katika njia hiyo moja unapita nchi za Wasamburu, Waturkana, Waelmolo, Warendille na Wagabra, na kila mmoja wao anaijua nchi yake kwa namna ambayo ramani haiwezi.

Adui wa kwanza wa baiskeli huku ni vijituta vya barabara. Kila aliyesafiri kaskazini kabla lami ya Isiolo hadi Moyale haijakamilika anavikumbuka kwenye meno yake. Vimepangana mfululizo, vikikatiza njia kutoka ukingo hadi ukingo, na wengi hudhani vinatokana na malori mazito au injini. Mwaka 2007 wanafizikia waliozungusha gurudumu juu ya mchanga ndani ya maabara walionyesha kwamba vijituta huota hata kama gurudumu ni gumu na halina springi. Kinachotakiwa ni mwendo kuzidi kiwango fulani, basi. Chini ya mwendo huo mchanga hubaki bapa. Maana yake ni kwamba mwenye gari amekiumba kituta kwa haraka yake, na sasa inambidi aongeze haraka ili asikisikie, kwa sababu gari likifika kilomita 70 au 80 kwa saa magurudumu hupita juu ya vilele bila kushuka mabondeni. Baiskeli yenye mzigo huenda kilomita 8 au 12 kwa saa. Inashuka kila bonde na kupanda kila kilele, na mikono inapokea habari zote.

Hapo ndipo fundi anapoanza kutafuta. Anaacha katikati ya barabara na kujaribu ukingo wa kushoto, ambako mchanga ni laini zaidi lakini vijituta ni vifupi. Kama ukingo umemeza gurudumu, anahamia kulia. Mara nyingi anaiacha barabara kabisa na kushika kijia cha mifugo kinachokwenda sambamba nayo. Miguu ya mbuzi na ngamia imekisaga kijia hicho kikawa kigumu na laini, hakina kituta hata kimoja kwa sababu hakuna mbuzi aendaye kilomita 70 kwa saa, na tena kina faida nyingine: kijia cha mifugo, ukikifuata upande sahihi, kinaishia kwenye maji. Ila kina miiba ya migunga, na mwiba wa mgunga hauheshimu tairi lolote. Kwa hiyo macho yanasoma mambo mawili kwa pamoja, ulaini wa njia na kivuli cha miti, na kila mita ishirini uamuzi unabadilika. Nikimtazama mtu anayefanya hivi vizuri naona mstari unaopinda huku na kule bila sababu inayoonekana kwa mwenye gari, na kila pindo lina sababu yake.

Kisha kuna upepo wa tairi. Tangu John Boyd Dunlop apewe hataza ya tairi la upepo mwaka 1888, hewa ndiyo springi ya bei nafuu kuliko zote duniani, lakini inataka kurekebishwa kama springi nyingine yoyote. Kwenye lami unajaza mpaka tairi linakuwa gumu. Kwenye mawe ya Turkana unatoa. Tairi pana la milimita 50 lenye paundi 60 litaruka juu ya kila jiwe na kuitikisa fremu. Lipunguze hadi 35 hivi, nalo litalikumbatia jiwe na kupita. Ukipunguza kupita kiasi, rimu itagonga jiwe na kuubana mpira wa ndani, nawe utapata matundu mawili pacha, alama ambayo kila fundi pancha anaitambua mara moja. Wazoefu hawatumii kipimo. Wanabonyeza tairi kwa kidole gumba, wanapanda, wanatazama chini jinsi linavyotuna ubavuni chini ya mzigo, wanashuka, wanatoa kidogo tena. Chalbi ikiwa kavu wanajaza upya, kwa sababu pale udongo wa chumvi ni mgumu na bapa, na kwa saa chache baiskeli inakimbia kweli. Chalbi ikinyeshewa haiendeki. Tope lake hujaa kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu likakataa kuzunguka, na ndiyo maana wengi huziacha madigadi nyumbani kabla ya safari hii.

Lakini kama ningelazimika kuchagua kitu kimoja cha kusifu, ningechagua gurudumu la nyuma.

Fikiria kazi yake. Gurudumu la inchi 26 huzunguka karibu mara 480 kwa kila kilomita. Mzigo wa mtu na vyote alivyonavyo, kilo 110 au 120, sehemu kubwa umelikalia hilo la nyuma. Wengi hudhani kwamba spoku za chini hubeba mzigo kwa kusimama kama nguzo. Waya wa milimita mbili hauwezi kusimama. Ukiusukuma kwa urefu wake unapinda. Spoku zote zimevutwa kwa nguvu tangu gurudumu lilipofungwa, na mzigo unapokuja, zile za chini hulegea kidogo tu huku zilizobaki zikibaki karibu vilevile. Gurudumu linabeba kwa kulegeza. Kwa hiyo kila mzunguko kila spoku inalegea na kukaza, mara 480 kwa kilomita, maelfu kwa maelfu kabla ya chakula cha mchana. Iliyofungwa kwa mvuto wa kutosha haifiki kulegea kabisa, na inaweza kuishi miaka. Iliyofungwa kwa ulegevu hulegea hadi mwisho, hujikunja kidogo kwenye kiwiko chake pale inapoingia kwenye haba, na siku moja chuma kinachoka. Unasikia mlio mmoja mkavu, kisha rimu inaanza kusugua breki.

Mzee mmoja anayetengeneza baiskeli chini ya mti mjini Maralal alinionyesha namna ya kuinyoosha rimu iliyopinda. Aliipindua baiskeli, ikasimama kwa tandiko na usukani. Hakugusa spana kwanza. Alilizungusha gurudumu, akaegemeza ukucha wa kidole gumba kwenye fremu, karibu kabisa na rimu, akasikiliza. Ukucha ukagusa mahali pamoja katika kila mzunguko: tsk, tsk, tsk. Akalisimamisha hapo, akapiga spoku mbili mbili kwa vidole, za kulia kisha za kushoto, akisogea kuizunguka rimu. Zilikuwa na sauti. Nyingi zilitoa mlio wa juu, safi. Mbili zilitoa mlio mzito, mfu.

"Umesikia hizi?" akaniuliza.

"Nimesikia, mzee."

"Kwanza nalegeza za upande ule. Usikimbilie kukaza, kijana. Ukikaza tu, kesho rimu itakuwa yai."

Akalegeza za upande wa pili robo mzunguko kila moja, akakaza zile mbili robo mzunguko, akalizungusha gurudumu, akaegemeza ukucha. Bado liligusa, kidogo zaidi ya unywele. Robo nyingine. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitarajia: akazishika spoku nne nne, mbili kwa kila mkono, akazibana kwa nguvu mpaka gurudumu likatoa milio midogo ya kukatakata. Spoku inapokazwa hujisokota kabla nati yake haijazunguka sawasawa, na msokoto huo ukiachwa utajifungua wenyewe barabarani na kuharibu kazi yote. Kwa kuzibana alikuwa akiufungua palepale, chini ya mti, akiwa na spana mkononi. Akapima tena. Akarudia. Kazi ambayo ningedhani ni ya dakika tano ilichukua sehemu kubwa ya asubuhi, na katikati yake aliziba pancha za watu wengine bila kupoteza mahali alipofikia.

Mzee huyo ameishi na baiskeli nyeusi za mzigo, zile ambazo Kenya huitwa Black Mamba. Zimejengwa kwa mtindo wa zamani wa Kiingereza: spoku 32 mbele na 40 nyuma, kwa sababu waliozichora walijua mzigo unakaa wapi. Baiskeli nyingi za kisasa za safari zina 36 au 32 kila gurudumu, na wenye nazo hujivunia rimu nyepesi. Fundi akiiangalia rimu ya aina hiyo huhesabu spoku kwanza, kimyakimya. Nadhani ana haki.

Kuna jambo jingine ambalo msafiri hana budi kulijua kabla ya kuondoka Nairobi. Tairi la Black Mamba linaandikwa inchi 28, na tairi la baiskeli nyingi za kigeni nalo huandikwa 28, lakini rimu ya kwanza ina kipenyo cha milimita 635 mahali tairi linapokaa, na ya pili milimita 622. Tofauti ni milimita 13, na milimita 13 zinatosha kabisa: tairi la duka la Baragoi halitakaa kwenye rimu yako hata ulibembeleze. Wale wa inchi 26, milimita 559, wana bahati zaidi, kwa kuwa baiskeli nyingi za milimani za bei nafuu zilizosambaa mijini zina rimu hiyo. Ndiyo maana wasafiri wazoefu wa Afrika waliendelea kung'ang'ania 26 hata baada ya viwanda kuhamia kwenye magurudumu makubwa zaidi. Na ndiyo maana wengi wao hutaka fremu ya chuma cha kawaida, kile kinachoweza kuchomelewa. Karibu kila mji wa soko una mtu wa kuchomelea mageti na majembe. Fremu ya alumini ikikatika South Horr, safari imekwisha. Ya chuma ikikatika, unalala siku moja.

Ule uvumilivu wa kupunguza nilioutaja mwanzoni una historia ndefu. Dervla Murphy, Mwairishi aliyepewa baiskeli na atlasi akitimiza miaka kumi na kuamua siku chache baadaye kwamba atakwenda India, aliondoka Januari 1963 katika baridi kali ya Ulaya. Kabla ya kuondoka aliitoa gia ya baiskeli yake, kwa kuwa aliona kifaa kile hakitazivumilia barabara za Asia, akavuka Uajemi na Afghanistan kwa gia moja. Tairi za akiba alizitanguliza kwa posta katika miji ya njiani badala ya kuzibeba mgongoni mwa baiskeli. Miaka karibu thelathini baadaye, akiwa na umri wa miaka 60, alitoka Kenya hadi Zimbabwe kwa baiskeli, na kitabu alichokitoa mwaka 1993 alikipa jina lenye neno la Kiswahili, *The Ukimwi Road*, kwa sababu ugonjwa huo ndio aliousikia katika kila mazungumzo ya njiani. Mtu hasikii mazungumzo hayo akiwa ndani ya gari lililofunga vioo.

Kabla yake kulikuwa na Kazimierz Nowak, Mpoland aliyeanzia Tripoli mwaka 1931, akaenda hadi ncha ya kusini ya bara akipitia Misri, Sudan, Uganda, Rwanda na Kongo, kisha akarudi kwa njia nyingine hadi Algiers mwaka 1936. Ni karibu kilomita 40,000, kwa baiskeli, kwa miguu, kwa farasi, kwa mtumbwi na kwa ngamia, huku akijilipia safari kwa kutuma picha na makala kwenye magazeti. Alifariki Poznań mwaka 1937, malaria ikiwa imekwisha kumdhoofisha. Ninachokiona kwake ni kwamba hakuiabudu baiskeli. Ilipofika mwisho wake aliiacha na kuendelea na kilichokuwepo.

Na kama ni suala la kubeba, wafundishaji wakubwa hawajaandika kitabu chochote. Wako Burundi, kwenye barabara ya kutoka Bugarama kushuka Bujumbura, wakiwa na mikungu ya ndizi iliyofungwa pande zote mpaka fremu haionekani. Mteremko ni mrefu, kona ni kali, na breki za fito zinazobana rimu hazikutengenezwa kwa uzito ule. Jinsi wanavyopanga mkungu juu ya mkungu, mizito chini na vikonyo vikielekea ndani ili mzigo ujifunge wenyewe, ni elimu ambayo watengenezaji wa mifuko ya bei ghali wangefaa kwenda kuitazama wakiwa wamekaa chini.

Turudi kaskazini, kwenye maji. Katika joto la Loiyangalani msafiri hutumia lita nane hadi kumi kwa siku akihesabu na za kupikia. Akibeba za siku mbili, ameongeza kilo ishirini kwenye baiskeli, na kilo ishirini zinampunguzia mwendo, na mwendo ukipungua siku zinaongezeka, na siku zikiongezeka maji yanatakiwa zaidi. Hesabu hii haina jibu moja. Fundi huitatua kila asubuhi upya, kwa kuuliza. Na kuuliza kwenyewe ni kazi inayotaka adabu. Anashuka kwenye baiskeli kwanza. Anasalimia, anangoja ajibiwe, anauliza habari za mifugo na mvua. Maji anayafikia baadaye, na haulizi "kuna maji mbele?", kwa sababu swali hilo hujibiwa "ndiyo" na kila mtu mwenye ukarimu. Anauliza jana walinywesha wapi. Mchungaji aliyenywesha mbuzi jana ataonyesha kwa fimbo, na fimbo ile inafaa kuliko simu yoyote. Anauliza pia kuhusu usalama, hasa upande wa Baragoi na bonde la Suguta, ambako wizi wa mifugo umemwaga damu nyingi kwa miaka. Akiambiwa asiende leo, haendi leo. Nimewahi kumwona mtu mwenye nguvu na baiskeli nzuri akiegesha Baragoi na kukaa kutwa akicheza bao, kwa kuwa wazee walimwambia asubiri, na nilimwona kuwa mweledi kuliko wengi niliowaona wakipita kwa kasi.

Upepo wa huku unataka sura yake. Unatoka kusini-mashariki, unabanwa kati ya milima ya Ethiopia na nyanda za juu za Kenya, na unafika kwenye ziwa ukiwa na nguvu kiasi kwamba mitambo 365 ya kufua umeme imesimamishwa hapo Sarima, yenye uwezo wa megawati 310. Mahali pengine popote kwenye joto, kanuni ni kuamka alfajiri na kumaliza kazi kabla ya saa tano. Kwenye ziwa kanuni hiyo inavunjika, maana upepo huvuma kwa nguvu zaidi usiku na asubuhi. Anayeshuka kutoka South Horr hupata msaada wake mgongoni na ubavuni. Anayegeuka mashariki kuelekea Marsabit anakuwa nao usoni. Nimewaona watu wakisukuma baiskeli kwenye tambarare, wameinama, kofia zimefungwa kwa kamba kidevuni. Mwenye busara hapigani nao. Anakaa nyuma ya ukuta wa mawe, anashona mfuko uliochanika, anakagua nati za keria moja baada ya nyingine, anabadilisha saa zake za safari kulingana na nchi.

Mnyororo nao una tabia yake katika vumbi hili. Mtu wa mjini huumwagia oili, na kufikia jioni oili imeshika mchanga na kugeuka msasa unaokula meno ya gia. Huku unafutwa kwa kitambaa kikavu kila jioni, tone dogo linawekwa kwenye kila kiungo, kisha unafutwa tena mpaka uonekane hauna kitu. Spoku za akiba zimefungwa kwa utepe kwenye fremu, zikiwemo zile fupi za upande wa kulia wa gurudumu la nyuma, upande wa gia, kwa sababu huko ndiko mvuto uliko mkubwa na ndiko zinakokatika. Bahati mbaya ndiko pia zisikoweza kubadilishwa bila kuzifungua gia. Wengine hubeba kifaa kidogo cha kufungulia. Wengine hubeba uzi mgumu unaoweza kukazwa mahali pa spoku mpaka wafike kwa fundi.

Marsabit kuna lami. Kusini inakwenda Laisamis na Isiolo, kaskazini Moyale na Ethiopia, na malori ya masafa marefu yanapita usiku kucha. Wengi wanaotoka Chalbi hupakia baiskeli juu ya basi hapo, wakiwa wamechoka, na hawana kosa. Yule kijana wa Nyahururu nilimkuta kwenye veranda ya nyumba ya wageni, midomo imepasuka kwa upepo. Alikuwa ameyavua magurudumu yote mawili. Tairi la nyuma lilikuwa limeliwa na mawe hadi nyuzi zinaanza kuonekana ubavuni, akaliweka kando. La mbele, ambalo bado lilikuwa na meno, akalihamishia nyuma kwenye mzigo, na mbele akaweka jipya alilolitanguliza kwa basi kutoka Nairobi. Alizipiga spoku za nyuma kwa kidole, mbili mbili, kichwa amekiinamisha. Hakuna iliyokatika. Kisha akamgeukia mwenye nyumba na kumuuliza barabara ya Ngurunit iko vipi mwezi huu, na kama pale Ilaut watu wananywesha mifugo.